Sikio la Komba

Benchi letu liko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, nje ya kibanda changu cha baiskeli. Lina miguu mitatu na tofali moja, na ukikalia upande wa tofali usicheke sana. Mimi naitwa Fundi Spoku. Jina alilonipa mama yangu liko kwenye kitambulisho na huko ndiko linakokaa. Kahawa ni ya Mzee Mundhir, ambaye huja na dele lake saa nane mchana, akaliweka juu ya makaa, akagawa vikombe na kashata, kisha akakaa kimya kusikiliza watu wazima wakidanganyana. Kila kijiwe mjini hapa kina mada yake. Wenzetu wa Barabara ya Tisa wanabishana mpira, wale wa karibu na soko wanabishana siasa mpaka kahawa inapoa. Sisi mada yetu, tangu tuna meno yote, ni Komba.

Komba ni mnyama wa kwenye gemu. Anaruka, anakanyaga maadui, anaokota vitu vya rangi ya chungwa ambavyo sisi tunaviita machungwa. Jina lake la kwao hatulijui na hatujawahi kulihitaji. Tulikutana naye mwaka tisini na sita katika banda la Mzee Noa, Mungu amrehemu, aliyekuwa na tivii moja, mashine moja na kaseti tatu. Ili kuilinda tivii na vidole vyetu, Mzee Noa aliifungia ndani ya sanduku la mbao, na seremala aliyelitengeneza alipima vibaya, ubao wa chini ukafunika kioo kwa upana wa vidole viwili. Pale chini ndipo gemu ilipoandika umebakiza roho ngapi kabla hujafa kabisa. Hakuna aliyepaona, na Mzee Noa hakuwa mtu wa kulipa seremala mara mbili. Badala yake alimteua mtu wa kuhesabu.

Mtu huyo alikuwa Luqmani. Alikaa juu ya ndoo, mkononi kipande cha mkaa, anachora ukutani kila unapokufa na kutangaza kilichobaki. "Roho tatu." "Roho mbili." Hukuwa na pa kukata rufaa. Leo ana duka la viungo, ana wajukuu wawili, na mtaa mzima bado unamwita Karani wa Roho.

Jumamosi ninayoisema, Bakar alifika kijiweni kabla hata ya dele. Bakar ni fundi wa mafriji, miaka arobaini na minne, tunamwita Bakar Steji kwa sababu hakuna aliyefika mbali na Komba kuliko yeye. Siku hiyo alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na bahasha nyeupe ikichungulia kutoka mfuko wa kifuani. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya posa, ya kwenda kwa Hasina, mshonaji wa Barabara ya Saba, mjane mwenye binti mmoja, mwanamke ambaye akicheka unasahau ulichopeleka kushonwa. Ami yake Bakar ndiye mshenga. Alikuja asubuhi kutoka Tongoni, yuko Barabara ya Ishirini nyumbani kwa dada yake, anasubiri aletewe barua aipeleke baada ya swala ya alasiri.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza Bakar alisema friji la mteja limelipuka. Mara ya pili alisema ana homa, na jioni ile ile tukamwona anakula pweza. Safari hii Hasina mwenyewe alituma salamu, fupi: barua isipofika leo baada ya alasiri, isije tena. Ngamiani nzima ilikuwa na habari hiyo, isipokuwa labda mbuzi. Na kutoka kijiweni kwetu mpaka Barabara ya Ishirini ni dakika kumi kwa baiskeli.

Mimi: Ami yuko wapi?

Bakar: Yuko.

Mimi: Na barua?

Bakar: Ipo.

Mimi: Na wewe je?

Bakar: Mimi nanywa kahawa kwanza. Kwani kuna vita?

Kahawa ilikuwa bado haijamiminwa. Alikuwa amekaa upande wa tofali na hakuonekana mtu mwenye mpango wa kuinuka.

Akaja Timotheo. Huyu ni mwalimu wa udereva na besi wa kwaya ya Walutheri, na tunamwita Profesa Mkonge. Babu yake alikata mkonge, baba yake alikata mkonge, yeye hajawahi kukata hata jani, ila hakuna jambo duniani atakalokueleza lisiishie shambani. Akaiangalia kanzu, akaiangalia bahasha, akakaa.

Timotheo: Bado hujaenda.

Bakar: Umeona mwenyewe.

Timotheo: Bwana Bakar, leo tuambie sababu. Friji au homa?

Bakar: Sababu mnaijua. Nimewaambia miaka. Mimi na Komba yetu moja.

Hapo mimi na Timotheo tukashusha pumzi pamoja, maana hotuba hii tunaijua kwa moyo. Lazima niwaeleze ili twende sawa. Kaseti ya kwanza kuletwa kwa Mzee Noa, aliyoiandika namba moja kwa wino wa buluu, Komba alikuwa na mke na watoto watatu wanaruka nyuma yake. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika, pengo kubwa. Kaseti ya pili, mke hayupo, watoto hawapo, amebaki na rafiki yake ndege, na sikio limefungwa kitambaa. Kaseti ya tatu, hata ndege hayupo. Komba peke yake juu ya mlima, masikio yote mawili mazima, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe na hakuna anayemngoja. Tuliicheza hiyo ya tatu tukiwa na miaka kumi na sita, na kuna watu walitoka bandani wanajifuta macho. Mimi mmoja wao.

Bakar: Mtu anaanza na familia, anaishia jiwe. Mimi si nilioa? Si nilikuwa na nyumba? Mwaka wa nne mwenzangu akapanda basi. Nikabaki na rafiki, nyie. Sasa mnataka nianze upya ili nifike wapi?

Mimi: Sisi ndio ndege?

Bakar: Nyie ndio ndege.

Timotheo: Mi sikatai kuwa ndege. Ila ami yako kaja na nauli yake kutoka Tongoni.

Bakar akaisukuma bahasha ndani zaidi ya mfuko. Mzee Mundhir akammiminia kikombe cha kwanza bila kuombwa, na Luqmani akatokea kona ya duka la vocha, anatembea haraka kuliko umri wake, kwapani kabana kitu.

Luqmani: Yakhe, sogeeni. Nipeni nafasi. Nimeokota kitu Mgandini kwenye mitumba, mtaniombea dua.

Akakikunjua juu ya magoti yake. Fulana ya kijivu, imefuliwa mpaka imekuwa laini, na kifuani yuko Komba. Komba wetu, na mkia wake, na macho yake ya mviringo. Nitasema kweli, nilihisi nimemwona mtu wa ukoo. Timotheo alivua kofia. Hata Mzee Mundhir aliinama kutazama, na yeye hainami kwa ajili ya mtu.

Tatizo ni kwamba Komba alikuwa amechorwa mara tatu, kwa mstari. Kushoto kabisa yuko peke yake, masikio mazima. Katikati yuko na ndege, sikio limefungwa kitambaa. Kulia kabisa yuko na mke na watoto, sikio lina pengo.

Timotheo: Wamekosea kuchapa.

Mimi: Wamegeuza.

Luqmani: Hawajageuza. Inasomwa kutoka kulia, yakhe, mfano wa Kiarabu. Mwanzo wake huku kwenye familia, mwisho wake huku kwenye upweke. Hawa waliotengeneza wana adabu zao.

Tulikubaliana naye papo hapo. Nilimwona Bakar anaitazama ile picha ya kulia, ya mke na watoto, kisha jicho linakwenda polepole kushoto, kwenye lile jiwe. Akanywa kahawa yake yote mara moja.

Bakar: Mnaona? Hata kwenye fulana.

Basi mjadala ukaanza, kwa mara ya elfu, ila sasa na ushahidi.

Luqmani: Mimi nasema siku zote, Komba alionewa kijicho. Watoto watatu kwa mpigo, wazima, wanaruka. Watu wana macho. Jirani yake yule kobe mwenye miba unadhani alikuwa anafurahi?

Mimi: Na sikio limeponaje?

Luqmani: Limetibiwa. Na nitakwambia wapi. Pemba.

Timotheo: Acha bwana.

Luqmani: Wallahi kule kwetu kulikuwa na mzee anarudisha kidole. Nimekiona kidole. Anakifunga kwa kitambaa siku arobaini, akifungua, kipo. Sasa mtazame Komba hapa katikati. Hicho kitambaa ni nini?

Tukakitazama kitambaa. Lazima nikiri kilikuwa hoja nzito.

Timotheo: Hakwenda Pemba, kwa sababu hakutoka Tanga. Nisikilizeni. Yale machungwa ni ya wapi? Muheza. Yale mapango ya steji ya pili, yenye popo na maji yanayodondoka? Amboni. Na vile vigari vya chuma anavyopanda kwenye reli nyembamba, mmeviona wapi? Hizo ni troli za mkonge. Ndege wake ni hondohondo wa msitu wa Amani. Aliyeitunga gemu hii alipita hapa, akalala nyumba ya wageni, akachukua kila kitu.

Mimi: Na bosi wa mwisho?

Timotheo: Meneja wa shamba. Mtazame kofia yake.

Mimi: Na mke?

Timotheo: Hapo ndipo penye uchungu. Kampuni ya gemu iliishiwa, ikauzwa vipande. Komba akaenda kwa mnunuzi mmoja, mke na watoto wakaenda kwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa shamba likiuzwa, babu yangu alisimulia. Wewe baki, wewe panda lori. Ndiyo maana miaka minane Komba hakutoka kabisa. Mnakumbuka? Hakuna kaseti, hakuna sidii, kimya.

Bakar: Alikuwa eda.

Luqmani: Eda ni ya wanawake.

Bakar: Basi alikuwa amenyamaza tu. Mwanamume hanyamazi? Halafu akarudi na ile ya kushindana magari, halafu ile ya kucheza mpira, halafu hii ya kwenye simu, ambayo haruki hata kuruka. Unagusa kioo, anaruka mwenyewe, kila dakika tangazo la sabuni. Mtu akishapoteza nyumba anafanya kazi yoyote.

Mimi nina nadharia yangu na niliitoa, kwamba hawa ni Komba wawili, kaka na mdogo wake, mmoja alichanika sikio na mwingine hakuchanika. Haikupokelewa. Haijawahi kupokelewa. Luqmani alikuwa ameshafika kwenye majini, kwamba Komba wa kaseti ya tatu si kiumbe cha damu, ndiyo sababu hana kovu, na ndiyo sababu Bakar hakuweza kumaliza lile daraja la moto la kule mlimani.

Bakar: Nani hakumaliza? Mimi nilivuka daraja la moto. Ni mimi peke yangu mtaa huu. Na nilivuka nikiwa na roho mbili, Luqmani mwenyewe alitangaza.

Luqmani akainamia viatu vyake. Karani wa Roho akikwepa macho, mtu unajua kuna kitu.

Bakar: Si ulitangaza?

Luqmani: Nilitangaza.

Bakar: Roho mbili.

Luqmani: Ilikuwa moja.

Mzee Mundhir aliacha kumimina.

Luqmani: Ukisikia moja, mkono ulikuwa unatetemeka. Kila mara. Ulikuwa unafia pale pale kwenye ngazi ya kwanza. Nikaona bora nikwambie mbili. Ukisikia mbili ulikuwa unaruka vizuri sana, Bakar. Hakuna aliyekuwa anaruka vile.

Bakar: Miaka ishirini na nane unanificha.

Luqmani: Ungeniuliza ningekwambia.

Bakar: Ulinidanganya mara ngapi?

Luqmani: Kila ulipobaki na moja.

Bakar alisimama, benchi likayumba, Timotheo akashika tofali kwa mguu. Tulidhani anaondoka. Nilifurahi hata, nikasema bora aende na hasira kuliko asiende. Lakini alizunguka makaa mara moja akarudi kukaa, na bahasha ikiwa pale pale. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilianza kumwona Hasina moyoni mwangu, anaangalia mlangoni, kisha anarudi kwenye cherehani yake. Niliona aibu kwa niaba ya benchi zima.

Ndipo akaja Devota. Devota ni nesi, mwenyeji wa Lushoto, ana wiki tatu tu amepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Asubuhi alikuwa ameniachia baiskeli yake nizibe pancha na kukaza mnyororo, na nilikuwa nimemaliza, imeegemea ukuta.

Devota: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Devota: Baiskeli yangu tayari, fundi?

Mimi: Tayari, nesi. Kaa unywe kahawa kidogo, tairi lipate kushika gundi.

Gundi ilikuwa imeshika tangu saa sita. Nilitaka tu mtu mwenye akili aketi miongoni mwetu. Akakaa kwenye kigoda changu cha kazi, akapewa kikombe, akaiona fulana.

Devota: Huyu ni panya?

Luqmani: Astaghfirullah.

Timotheo: Ni Komba, dada yangu. Tunabishana sikio lake. Hapa limechanika, kisha limefungwa, kisha limepona. Huyu anasema dawa ya Pemba, mimi nasema ni mambo ya kampuni.

Devota aliivuta fulana akaisogeza karibu. Akaitazama kwa muda, jinsi anavyotazama mtu aliyezoea kutazama vidonda. Kisha akauliza, kwa upole tu, bila kutaka kumshinda mtu.

Devota: Mmewahi kuona sikio likiota?

Tukatazamana.

Devota: Mimi nafunga vidonda kila siku ya Mungu. Sikio likichanika namna hii, pengo linabaki mpaka kaburini. Na kitambaa unafunga kidonda kikiwa kibichi. Ukikifungua ndipo unaona pengo. Sasa huyu alikuwa mzima, akaumia, akafungwa, akabaki na pengo. Nyie mbona mnamsoma kinyumenyume?

Nimekaa kijiwe hiki miaka kumi na tisa. Sijawahi kusikia makaa ya Mzee Mundhir yakilia, na siku hiyo niliyasikia. Timotheo alirudisha kofia kichwani. Luqmani alianza kusema habari ya kidole cha Pemba, akaishia kwenye "wallahi".

Bakar: Spoku. Kaseti unazo?

Ninazo. Banda lilipofungwa nililichukua lile sanduku la tivii, na leo ndani yake ninaweka spoku na tyubu, ubao wa vidole viwili bado umepigiliwa chini. Kaseti tatu ziko humo kwenye kopo la maziwa. Nikazileta. Kila moja ina karatasi ya Mzee Noa imebandikwa juu, namba moja, namba mbili, namba tatu, kwa wino wa buluu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewaza kwamba chini ya karatasi kunaweza kuwa na kitu. Mzee Noa alikuwa ameandika namba, basi.

Nilichovya kitambaa kwenye petroli, ile ninayosafishia tyubu kabla ya kuziba, nikailowesha karatasi ya kwanza, ile ya familia. Ikalainika. Niliikwangua kwa ukucha. Chini kulikuwa na stika ya kiwandani, imefifia, na kwenye ukingo mwaka. Elfu moja mia tisa tisini na tano.

Timotheo: Ya pili.

Ya pili ilikuwa tisini na tatu.

Ya tatu Bakar alininyang'anya. Aliilowesha mwenyewe mpaka petroli ikamwagikia kanzu, akaivua karatasi polepole, ikatoka nzima. Akasoma. Akanipa mimi nisome. Nikampa Timotheo.

Timotheo: Tisini na moja.

Luqmani: Lahaula.

Timotheo: Yule shemeji yake Mzee Noa, mpishi wa melini. Mnamkumbuka? Alikuwa analeta kaseti moja kila safari. Safari ya kwanza kaleta iliyokuwa mpya dukani. Safari zilizofuata akawa anaokota zilizobaki, za zamani. Mzee Noa akaziandika kwa zilivyofika.

Mimi: Na gemu zote zikianza huandika mwaka kwenye kioo, chini kabisa. Nyuma ya ubao.

Luqmani: Vidole viwili, yakhe. Seremala ametutoa machozi miaka yote hii kwa vidole viwili.

Nilimtazama Bakar. Alikuwa ameichukua fulana, amechuchumaa mlangoni mwa kibanda, ameiweka juu ya mapaja, na kidole chake kinakwenda sasa kutoka kushoto. Jiwe. Ndege. Kidole kikafika kulia kikasimama.

Bakar: Kumbe alikuwa anaenda.

Akakirudisha kidole kwenye jiwe.

Bakar: Akiwa kule mlimani ndio anaenda kwa familia. Hakuwa anatoka.

Devota: Na watoto kapata watatu. Na sikio lake hilo hilo bovu.

Timotheo alicheka kwanza, kile kicheko chake cha besi, Luqmani akafuata, mimi nikasahau niko karibu na tofali na benchi likatumwaga wote watatu barabarani. Vikombe viwili vilivunjika na Mzee Mundhir hakulalamika. Nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi, na petroli mkononi, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nilimlilia mnyama yule nikiwa na miaka kumi na sita. Kumbe alikuwa salama siku zote, ana mke, ana nyumba, anakula machungwa.

Adhana ya alasiri ikaanza.

Bakar aligusa kifua. Bahasha ipo. Alitazama huku, akatazama kule, akaona baiskeli moja tu iliyo nzima mbele yake, akaikunja kanzu magotini na kuipanda. Fulana ya Luqmani ameshaitupia begani. Tairi likaguna, mnyororo ukashika, na pale pale akafunga breki, mguu mmoja chini. Akageuka. Mkono wake kwenye usukani ulikuwa unatetemeka, tuliuona wote.

Bakar: Luqmani.

Luqmani: Naam.

Bakar: Nimebaki na roho ngapi?

Luqmani alisimama, akajipangusa vumbi, akajiweka sawa kama enzi zile za juu ya ndoo.

Luqmani: Mbili.

Bakar akaitikia kwa kichwa. Mkono ukatulia. Akakanyaga pedali na kuondoka, anakata kona ya duka la vocha bila kupiga kengele, petroli inanuka nyuma yake na kanzu imejaa upepo, na kuku wa mama muuza vitumbua wakatawanyika kila upande. Tulimsikia mtu wa mbele huko anapiga kelele aende taratibu. Hakwenda taratibu.

Tukainua benchi. Tukaweka tofali. Timotheo akakumbuka kwamba ana mazoezi ya kwaya na hakwenda.

Devota alikuwa bado ameshika kikombe chake, anatazama ile kona. Akamgeukia Luqmani.

Devota: Kwani kweli anazo mbili?

Luqmani akachukua kikombe akakipeleka mdomoni. Kilikuwa kitupu, na alikinywa hivyo hivyo, muda mrefu. Timotheo akawa anasoma stika ya kaseti. Mimi nikapata spoku moja ya kunyoosha. Mzee Mundhir aliliinamisha dele juu ya kikombe cha nesi, likatoa tone moja, na machicha.

Mzee Mundhir: Imekwisha.

Devota: Basi angalau niambieni, baiskeli yangu inarudi saa ngapi?